Bwana Harusi Kachoka

Mpaka leo nikimkumbuka nashika kifua. Lo, Ami! Ndugu wa baba yangu, mtu nimekaa naye nyumba moja Kenton, huku ughaibuni, tangu usichana mpaka nikaolewa, nimempikia, nimempigia pasi kanzu zake, nimekula naye meza moja asubuhi na jioni, na kila nilipodhani sasa nimeshamjua hunitolea jambo jipya nikabaki mdomo wazi. Watu wengine huzoeleka. Ami hakuzoeleka hata kidogo.

Ukimwona njiani ungesema huyu karani tu. Na kweli alikuwa karani, akikata tiketi kwenye dirisha la stesheni moja upande wa Harrow, suti ya kijivu, tai imebana shingo, na kofia ya viua imekunjwa mfukoni ikisubiri zamu imalizike. Hakuna abiria aliyejua kwamba yule mzee nyuma ya kioo, huku akirudisha chenji, alikuwa akipanga kichwani nani arushe mpira Jumapili.

Mpira gani? Ngoja nikwambie, maana hapa ndipo watu hunicheka. Besiboli. Mchezo wa Wamarekani, wa gongo na mpira mdogo. Ami wangu, Mpemba asiyewahi kukanyaga Marekani wala kuushika huo mpira wenyewe, alikuwa Mwenyekiti wa ligi ya besiboli. Na ligi ilichezwa sebuleni kwetu, juu ya meza ya chakula, kwa kadi.

Alilikuta boksi kwenye duka la vitu vya sadaka, limefungwa kwa kamba. Kila kadi ni mchezaji mmoja, mbele picha yake, nyuma safu za nambari: ikitoka hii kapiga, ikitoka ile kakosa, ikitoka ile nyingine mpira umevuka ukuta. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa dadu. Bi Zuwena, mkewe, akasema alhamdulillah, maana dadu haziingii nyumbani kwake. Ami hakubishana. Akakata vifungo vya makoti mabovu, akaviandika nambari, akavitia kwenye kopo la kahawa.

"Kopo na dadu tofauti yake nini?" Bi Zuwena akamuuliza.

"Dadu hurushwa. Kopo hutikiswa."

"Ndiyo fatwa hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Pesa haikuwekwa hata peni. Kilichoshindaniwa kilikuwa dele, birika la kahawa la shaba, la Bi Zuwena mwenyewe alilokuja nalo kutoka nyumbani. Atakayeshinda msimu anakwenda nalo kwake mwaka mzima, kisha analirudisha na kuwapikia wenzake kahawa siku ya ufunguzi. Ami alilitaka lile dele, jamani. Lilikuwa la mkewe, lilikaa kabatini kwake miaka yote kabla ya ligi, na tangu siku alipolitoa liwe kombe halikurudi. Mwaka huu liko kwa Bhai, mwaka ujao kwa fundi saa wa msikitini, kisha kwa Bhai tena.

Bhai alikuwa na duka la mboga na viungo barabara ya pili, Mhindi wa Mombasa, kicheko chake ukikisikia kabla hajabisha mlango. Yeye na Ami walipendana na kuteta kwa kipimo kimoja. Bhai alichagua wachezaji kwa masharubu. Wallahi, kwa masharubu! Anaitazama picha, anasema, "Huyu mwanaume," anamchukua. Ami alisoma kila kadi nyuma na mbele, anaandika, anafuta, anaguna. Mwisho wa msimu Bhai anabeba dele.

"Wewe soma tu, Ami," Bhai alikuwa akimwambia mlangoni, dele kwapani. "Mimi nashinda tu."

Ami alikuwa na falsafa yake, na aliihubiri hata kwa fundi wa boila. Alisema wajinga huchukua wapigaji wa kishindo, wale wa kuvusha ukuta, kwa sababu kishindo kila mtu hukiona. Yeye aliwataka wale wanaosimama na gongo lao kimya, mpira mbaya wanauacha upite, na mwingine wanauacha upite, mpaka mrushaji anaingiwa na wahaka na wao wanapewa kituo cha kwanza bure. Aliwaita wasubirifu. "Mwenye kishindo hutangazwa," alisema. "Mwenye subira hutafutwa." Hivyo timu yake ilikuwa ya wazee, vitambi na vipara, watu ambao Bhai asingewaamini hata kumshikia baiskeli. Na wakifika kweli kwenye vituo! Sasa kufika nyumbani ndiyo kulikuwa shughuli.

Maana ndivyo unavyohesabiwa mchezo wenyewe. Unatoka nyumbani, unapita vituo vitatu, unarudi nyumbani, ndipo unapata alama. Mchezo ukiisha Ami alikuwa na kawaida ya kutangaza mambo mawili kwa sauti ya redio: waliorudi nyumbani, na waliobaki njiani. Alipofika hapo pa waliobaki njiani sebule nzima ilinyamaza kidogo. Walikuwa watu wazima waliotoka kwao na begi moja moja. Halafu Bi Zuwena analeta sambusa.

Bi Zuwena ndiye aliyemtia Ami aibu ya kwanza. Alipita na sinia, akasimama, akatazama vile vituo vilivyochorwa, akasema, "Ebo! Huu si nage? Si tumeucheza skuli sisi, wasichana?" Wanaume wakacheka mpaka Bhai akapaliwa. Ami akanuna siku hiyo na siku ya pili yake. Lakini baadaye nilimkuta jikoni anamuuliza mkewe polepole, katika nage mlikuwa mkimweka nani mwanzo, mwepesi au mwerevu.

Alisema bahati haipo. "Kuna kupanga, na kuna kudra." Basi huyo huyo msema kudra hakukaa mezani bila soksi zake za kijani, na ole wako uzifue Jumamosi zikachelewa kukauka. Alimkataza mtu kupiga mluzi kopo likitikiswa. Nikimwambia, Ami, na hizo soksi nazo ni kudra? Ananitazama juu ya miwani. "Hizo ni za baridi," anasema.

Jambo moja sikuwahi kulitia shaka, nalo ni ukweli wake. Ami hakusema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni chakula kipo wakati hakipo. Siku moja alikuwa anamfunga Bhai, dele linanukia puani, akasimamisha mchezo. Akasema kifungo alichotoa kabla ya pale alikisoma vibaya, tisa alikigeuza sita, na hakuna mtu aliyeona. Wakarudisha mchezo nyuma, akafungwa. Bhai mwenyewe alimwambia, "Ami, ungenyamaza ningejuaje?" Ami akajibu, "Mimi si ningejua?" Likaisha.

Sasa nije kwenye siku ya posa, maana humo ndimo nilimokaribia kupoteza bahati yangu.

Kuchagua wachezaji kulikuwa na siku yake, mwanzo wa msimu, na Ami aliiita Siku ya Posa. Alisema mtu hanunuliwi, mtu huposwa. Kila mmoja kwa zamu alitakiwa aseme, "Nimekuja kumposa fulani," na Mwenyekiti anajibu, "Tumekubali." Wakishakubali, kadi ni yako msimu mzima. Neno likazoeleka ligini mpaka likasahau kazi yake ya asili.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi nyumba ya kulea wazee, na basi langu la alfajiri liliendeshwa na Seif, kijana wa Unguja, mpole, hasemi sana. Salamu zikawa mazungumzo, mazungumzo yakawa nia. Baba yangu alikwishafariki, walii wangu ni Ami, na bila ndiyo ya Ami hapana ndoa. Nikamwambia Seif, piga simu, zungumza naye, ni mtu mwema.

Seif akapiga. Mimi niko jikoni, nasikia upande wa Ami tu.

"Unataka kuja kuposa? Karibu, karibu sana. Umechelewa kidogo, lakini nafasi ipo."

Moyo wangu ukaruka.

"Wazuri wengi washachukuliwa," Ami akaendelea, "lakini hutakosa. Wangapi? Tisa, mwanangu, na wa akiba."

Nikadondosha mwiko. Seif baadaye alinambia alibaki ameshika simu, anajiuliza hii ni nyumba gani aliyoitaka.

Na adabu ikatuponza. Seif hakuthubutu kumsahihisha mzee, akasema inshallah. Jumapili akaja na mjomba wake kutoka Leicester, mzee kavaa joho la harusi, mkononi sinia la halua limefunikwa kitambaa. Ami akawafungulia kwa furaha, akawakalisha, akawasukumia kadi mbele. Yule mjomba aliitazama picha ya Mmarekani mwenye mashavu, akamtazama Seif, akamtazama Ami. Mwisho, maskini, akakohoa, akasema, "Bismillah. Tumekuja kumposa huyu."

"Tumekubali!" Ami akasema.

Mimi nyuma ya mlango nimejiziba mdomo kwa mtandio, sijui nalia au nacheka.

Wageni walipoondoka, Bi Zuwena akamvuta mumewe jikoni akamweleza posa ilikuwa ya nani. Sijapata kumwona Ami ameshituka vile. Alitoka akakaa kwenye ngazi, kadi mkononi. "Na halua nimekula," akasema. Kisha akaniita. Nikadhani ataagiza wazee waje upya. Wapi!

"Asiondoke ligini," akasema. "Mtu humjui mpaka ucheze naye. Msimu ukiisha nitatoa jibu."

Basi mume wangu akawa ametundikwa juu ya kopo la vifungo. Kila Jumapili baada ya adhuhuri napitisha vikombe, natazama. Na Seif, ajabu, aliujua mchezo. Aliwachukua wasubirifu walioachwa, akampata mrushaji mmoja mwenye sura ngumu waliyemwita Chuma, na taratibu akawa anawapita wote. Bhai akamtania, "Dereva wa basi huyu, kazi yake kufika kituoni." Ami nilimwona anamtazama kwa jicho la kupima. Jumapili ya mwisho wakabaki wao wawili, Ami na Seif, na dele katikati ya meza.

Seif akamkalisha Chuma. Akamsimamisha mrushaji mwingine, mzee choka mbaya, ambaye hata mimi ningempiga. Ami akamfunga vibaya. Sebule ikalipuka, Bhai akamkumbatia Ami, Bi Zuwena akapiga kigelegele, baada ya miaka yote ile dele limerudi kwao!

Ami hakuligusa. Aliinyanyua kadi ya Chuma pale ilipolazwa.

"Huyu kwa nini hakucheza?"

"Nilimpumzisha, Ami."

"Hakurusha Jumapili iliyopita. Hakuchoka. Kwa nini?"

Seif akainamisha kichwa. "Nimekustahi, Ami."

Ami akalichukua dele, akaliweka mbele ya Seif. "Hili si langu," akasema. "Na jibu lako ni hapana."

Hapana! Mbele za watu, halua za watu zimeliwa! Bhai akasema, Ami, wacha mzaha. Ami hakuwa na mzaha. Seif akasimama, akaaga mmoja mmoja kwa adabu ile ile iliyomponza, akatoka, na dele hakulichukua. Mwaka ule lilikaa kwa Bhai, eti amana.

Nilimvaa Ami siku ile ile. Sijapata kumpandishia sauti kabla wala baada. "Kakustahi wewe mzee wake! Ulitaka akutukane?"

"Kanistahi mimi," akasema. "Wewe je?"

"Mimi nimefanyaje?"

"Alijua pale mezani anachezea nini. Alikuwa anakuchezea wewe. Na watu wake tisa wako nyuma yake, wamefika mpaka pale kwa ajili yake. Nikanyanyua nyusi zangu nyeupe hizi, akawaacha wote. Leo kaniachia mimi. Kesho mamake akisema mkeo hivi, kakake akisema mkeo vile, atawaachia na wao, kwa kuwastahi. Sikukuleta nchi hii uolewe na mtu wa kukuacha kwa adabu." Akavua miwani akaifuta. "Posa ya mwakani ipo pale pale. Akitaka, aje."

Nilikasirika miezi. Nilimwekea chai bila kusema naye, na yeye alikunywa bila kusema nami. Kilichoniuma zaidi ni kwamba usiku nikilala nililigeuza lile neno, nikaona lina ukweli ndani yake.

Seif akaja. Mjomba alikataa katakata kuvaa joho tena. Msimu wa pili Seif hakumwachia mtu: Bhai alifungwa, fundi saa alifungwa, mimi nasali kimya kila kopo likitikiswa. Mwisho wakafika tena wawili, Seif na Ami. Na safari hii Ami alikuwa na timu ya kutisha, kwa sababu alikuwa amempata Bwana Harusi, mrushaji bora wa boksi zima, tuliyempa jina hilo kwa jinsi alivyotabasamu pichani. Bwana Harusi akisimama, hakuna anayepiga. Nikajua tumekwisha.

Ami akaketi, soksi za kijani, akapanga kadi zake. "Bwana Harusi kachoka," akasema. "Karusha Jumapili iliyopita. Sheria ni sheria."

Ilikuwa kweli kuna sheria hiyo, aliyerusha Jumapili moja hupumzishwa inayofuata, na kwa kuwa ni Ami aliyesema, hakuna aliyeuliza. Akamsimamisha mwingine.

Ulikuwa mchezo wa kutoa roho. Seif akatangulia, Ami akamkuta. Vile vifungo vilikuwa kama vimemwangukia Ami mapenzi, kila akitia mkono inatoka nzuri, na kila ikitoka nzuri uso wake unazidi kukunjana, anajifuta jasho. Nikasema moyoni, masikini, namna anavyolitaka dele lake. Zamu ya mwisho Seif alikuwa nyuma, na msubirifu wake mmoja yuko kituo cha tatu. Akatia mkono koponi, machozi yanamtoka, akatoa kifungo. Mpira ukavuka ukuta. Wakarudi nyumbani wote wawili. Ami kafungwa kwa alama moja.

Seif akamwangalia Ami machoni, hakuinamisha kichwa. Na Ami akasema neno moja tu.

"Tumekubali."

Wengine walidhani kakosea, maana hakuna kadi iliyotajwa. Mimi nilifahamu. Bi Zuwena alifahamu, kigelegele chake kilisikika mpaka kwa majirani. Na Ami, baada ya hapo, akanuna wiki nzima, hasemi na mtu, tukasema mzee hana moyo wa kushindwa.

Ligi haikudumu baada ya Bhai kufunga duka na kuhamia kwa wanawe. Bi Zuwena akatangulia mbele ya haki. Dele likabaki kwetu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kulishindania, na kila Idi Seif hulinyanyua mbele ya wageni akasimulia alivyomfunga Ami.

Mara ya mwisho nilipokaa na Ami kwa mazungumzo marefu, miaka ya elfu mbili imeshika kasi, alikuwa amestaafu na miguu imeanza kumkataa. Nilimpelekea kahawa ndani ya dele lenyewe. Nilimkuta mbele ya televisheni, mjukuu wake kamfungia dishi, na kwa mara ya kwanza maishani Ami anatazama besiboli ya kweli. Alikuwa ameshituka kama mtu aliyeibiwa.

"Wanatema mate!" akanambia. "Watazame! Uwanjani, mbele za watu! Na wanajikuna!" Akaizima. "Wetu walikuwa na adabu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikammiminia. Akalitazama dele kwa muda, akalipapasa kwa kidole pale kwenye mkono wa dele palipolegea, Bi Zuwena alipokuwa akipafunga uzi.

"Seif bado anajisifu?"

"Kila Idi, Ami."

Naye akacheka, cheko la chini chini, lile alilokuwa akilificha ndani ya masharubu. "Muache ajisifu. Usije ukamwambia."

"Nimwambie nini?"

Akanywa funda moja. "Bwana Harusi hakuwa amechoka."

Sikufahamu mara moja. Kisha nikafahamu. Ami! Ami aliyerudisha mchezo kwa ajili ya tisa na sita! Alisema uongo mezani, mbele za watu, kwa sauti kavu.

"Ulimuacha akufunge?"

"Nilijaribu! Lile kopo lilitaka kunishindisha kwa nguvu. Kila nikitia mkono, nzuri. Nilitoka jasho mpaka soksini. Nikasema, ya Rabi, safari moja tu ninataka kushindwa, na Wewe unanipa!"

Nikawa nacheka na kulia pamoja. Halafu hasira ya zamani ikanirudi, ile ya chai isiyo na maneno. "Sasa wewe una haki gani? Mwenzio ulimfukuza mbele za watu kwa kosa hilo hilo, mwaka mzima nikala sumu. Mrushaji wako mzuri umemkalisha, watu wako umewaacha, dele la mkeo umeliacha liende!"

"Kosa hilo hilo?" Alishangaa kweli, Ami wangu, kama ninayemuuliza jua linachomoza wapi. "Seif aliwaacha watu wake. Mimi sikumwacha mtu. Siku ile nilikuwa nacheza upande wako."

Akanisogezea kikombe nimmiminie tena.